Shabaha Haina Masikio: Kwa nini wawindaji wa upinde hujifunza mbali ilhali hupiga karibu

Ubishi ulianzia kwenye benchi la kahawa, Mji wa Kale wa Mombasa, baada ya sala ya isha. Mtoto wa kaka yangu alikuwa na video kwenye simu: Mmarekani mmoja aliyevaa nguo za rangi ya majani, upinde mkononi, anailenga shabaha iliyo yadi 100 kutoka aliposimama. Anafyatua. Mshale unakwenda, unakwenda, mpaka unasahau kama kuna mshale, halafu unasikia "tap!" Umekita katikati.

"Ami, hebu tazama hii," akasema, na simu ikaanza kuzunguka.

Mzee wa kahawa akaamua kwamba jamaa huyo, kama anapiga shabaha umbali huo, basi na wanyama huwapiga umbali huo huo. Kijana mmoja akasema ni uongo, ni ujanja wa kompyuta. Fundi mmoja wa majahazi akawashinda wote: babu zake upande wa mama walikuwa Wasanye, jamii ya wawindaji, na walikuwa wakiwaangusha tembo kwa mshale kutoka mbali kuliko huyo Mzungu. Ubishi ukawa mkali, visahani vya kashata vikasukumwa kando, na mimi niliyejaribu kueleza nikakosa nafasi hata ya kumaliza sentensi. Nitaimaliza hapa.

Wote watatu walikosea, na kila mmoja kosa lake lina somo lake.

Kwanza majina, maana mengi yameanza kusahaulika. Kamba ya upinde huitwa upote. Mti wa mshale, kabla haujatiwa chuma, ni wano. Chuma cha mbele ni kigumba, na nyuma kuna manyoya, siku hizi mara nyingi ya plastiki, yanayounyoosha mshale ukiwa hewani. Kuwinda kwa upinde ni kumfuata mnyama na kumuua kwa mshale badala ya risasi. Marekani jambo hili ni halali katika majimbo yote 50, kwa leseni na misimu. Namibia na Afrika Kusini pia hufanyika kwa vibali. Uingereza ni marufuku. Na hapa kwetu Kenya uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuacha mlango hata kwa anayetafuta kitoweo. Kwa hiyo mwenye kusoma haya akidhani namfundisha kwenda kutafuta paa kwenye hifadhi ya Shimba Hills, afunge ukurasa.

Neno la pili linalohitaji kipimo ni "mbali". Mkwaju wa penalti hupigwa kutoka mita 11. Weka penalti mbili, mita 22: huo ndio umbali ambao wawindaji wengi wa upinde huona ni wa kawaida. Penalti tatu tayari ni kazi ya mtu mwenye uzoefu. Sasa yadi 100 za kwenye ile video ni kama mita 91, yaani karibu kutoka goli hadi goli. Kati ya penalti mbili na goli hadi goli pana pengo kubwa, na swali zima la makala hii limo ndani ya pengo hilo: mtu anayewinda kwa mita 22 anafanya nini kwenye mita 91?

Kabla ya hapo, upinde wenyewe. Ule wa kwenye video si upinde wa babu. Una magurudumu mawili mwishoni, juu na chini, na kamba zinazopita humo kama zinavyopita kwenye kapi za jahazi. Nitauita upinde wa kapi. Uligunduliwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen, aliyepata hataza yake mwaka 1969. Ujanja wake ni huu: ukianza kuuvuta ni mzito, tuseme kilo 32, kama kuinua mtungi wa lita 20 na nusu ya mwingine juu yake. Lakini ukifika mwisho wa mvuto, yale magurudumu yanajigeuza na kukubebea sehemu kubwa ya mzigo, mpaka mkononi unabaki na kama kilo 6 tu, mtungi mdogo wa lita tano na ushei. Kwa hiyo unaweza kusimama, kupumua, kulenga bila kutetemeka. Upinde wa kawaida hauna huruma hiyo. Ukiuvuta mpaka mwisho ndipo unapokuwa mzito zaidi.

Upinde mzuri wa kapi hutupa mshale kwa mwendo wa karibu mita 85 kwa sekunde. Hiyo ni kasi kubwa, lakini risasi ya bunduki ya kuwindia huweza kupita mita 800 kwa sekunde. Tofauti hii ishike vizuri, tutairudia.

Watu wengi hudhani mshale huenda moja kwa moja. Hauendi. Chukua mpira wa maji unaooshea gari, uelekeze mbele sambamba na ardhi: maji yanatoka yamenyooka, halafu yanainama. Mshale ni hivyo hivyo. Tangu unapotoka kwenye upote unaanza kuanguka, na kadiri unavyokaa hewani ndivyo unavyoanguka kwa kasi zaidi. Kwa mwendo ule wa mita 85, ukifika mita 20 umeshuka kama sentimita 27. Ukifika mita 40, umbali mara mbili tu, umeshuka zaidi ya mita nzima. Mita 60, karibu mita mbili na nusu. Kwa hiyo mpiga mbali haelekezi mshale kwenye shabaha. Anauelekeza juu yake, na kifaa cha kulengea kwenye upinde humfanyia hesabu hiyo, mradi ajue umbali.

Na kama hajui? Tuseme amekisia mnyama yuko mita 20, kumbe yuko 25. Mshale utapita chini ya alipolenga kwa kama sentimita 8. Bado yumo. Sasa akisie mita 60 kumbe ni 65. Kosa ni lile lile la mita tano, lakini mshale utapita chini kwa zaidi ya sentimita 20. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu wa Marekani ni kama sahani ya chai, sentimita 20 hadi 25 kutoka ukingo hadi ukingo, na aliyelenga katikati yake ana nusu ya hapo tu kila upande. Hivi ndivyo mita tano za kukisia vibaya zinavyoweza kumvunja mnyama mguu akimbie nao.

Yule kijana aliyesema video ni ujanja wa kompyuta, basi, tumjibu kwa upole: mita 91 inawezekana. Kwenye Olimpiki wapiga mishale hupiga mita 70 kwa upinde usio na kapi, na duara la katikati lenye pointi 10 lina upana wa sentimita 12.2, yaani sawa na ile sidi tuliyokuwa tukiwekea filamu. Timu ya wanawake ya Korea Kusini imechukua dhahabu katika kila Olimpiki tangu 1988 hadi Paris 2024, mara 10 mfululizo. Na sisi hatumo nje kabisa: Shehzana Anwar alipiga upinde Rio 2016, na ndiye aliyebeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi. Kwa hiyo kupiga mbali ni ufundi wa kweli. Video haikuonyesha uongo, ila huenda haikuonyesha mishale mingine tisa.

Sasa kiini cha habari. Kwa nini mtu ajitese kwa mita 60, 80, 90, kama kazi yake ni mita 22?

Nahodha akitoka bandari ya kale kwenda Pemba, akikosea usukani kidogo tu, kosa hilo hataliona akiwa bado anauona ukuta wa Ngome. Chombo kinaonekana kiko sawa, mabaharia wanaimba. Litaonekana baadaye sana, Pemba isipotokea pale alipoitarajia. Umbali haukuzaa kosa. Ulilikuza tu mpaka likaonekana.

Mkono wa mpiga upinde ni vile vile. Ukikitikisa kifaa cha kulengea milimita moja tu wakati wa kufyatua, mshale utakwenda upande kama sentimita mbili na nusu kwenye mita 20. Nani ataona? Atasema "nimepata" na kwenda kunywa chai. Kwenye mita 60 milimita ile ile inakuwa sentimita saba na nusu, na hapo huwezi kujidanganya. Mshale uko kule, wenzake wako huku.

Haya niliyapata kwa ngozi yangu. Hoteli moja ya pwani ya kaskazini, ambayo jina lake halina kazi hapa, ilikuwa na uwanja mdogo wa mishale kwa wageni, na kijana wa burudani, wenyewe huwaita animeta, aliniruhusu nijaribu kwa kuwa hapakuwa na mgeni asubuhi ile. Shabaha ya majani makavu iliyofungwa gunia, mita 10. Mishale mitano, yote mitano ndani. Nikajiona Mkorea. Kijana akacheka, akaiburuza ile shabaha mpaka karibu na mnazi, mita 30 hivi. Mshale wa kwanza ukachimba mchanga. Wa pili ukaenda kushoto. Wa tatu kushoto zaidi.

"Unachungulia," akaniambia.

Sikuelewa. Akanionyesha: kila nilipofyatua, kabla mshale haujaufikia hata nusu ya mwendo, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshashuka ili nione umekwenda wapi. Na si kushuka tu. Nilikuwa naanza kuushusha kabla ya vidole kuachia. Kwenye mita 10 nilikuwa nafanya kosa hilo hilo na nikipewa makofi. Kosa la pili alinionyesha kwa kunigusa vidole: nilikuwa nimeushika upinde kama mtu anayening'inia mlangoni mwa matatu, na kila nilipoubana ulijisokota kidogo. Upinde, alisema, huwekwa kwenye kiganja kama unavyobeba yai. Usiushike, uache ukuegemee.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mbali, kufichua. Ya pili ni kwamba inalazimisha subira. Mshale wa mita 90 hukaa hewani zaidi ya sekunde moja, na mpigaji aliyezoea kuganda mpaka asikie "tap" hujenga tabia ya kutochungulia. Ya tatu ni ya moyo. Mtu aliyekaa asubuhi nzima kwenye mita 60 akirudi mita 20, shabaha inaonekana kubwa kama mlango wa Zanzibar. Mkono unatulia kwa sababu kichwa kimetulia.

Kuna faida ya nne inayowahusu wawindaji peke yao. Vigumba vya mazoezi ni vidogo na vya mviringo, lakini vya kuwindia vina makali mapana mithili ya mabawa, na mabawa yakiwa mbele ya mshale huanza kubishana na manyoya ya nyuma. Kama upinde haukurekebishwa sawasawa, mshale wenye kigumba kipana utaacha njia. Karibu huoni. Mbali utaona mara moja.

Lakini ukimwuliza mwindaji mwenye adabu kama atampiga mnyama kwa mita 90 kwa kuwa ameizoea, atakwambia hapana. Na hapa ndipo mzee wetu wa kahawa alipopotea, pamoja na vijana wengi Marekani kwenyewe. Shabaha haina masikio.

Upinde ukifyatuliwa hutoa sauti. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, mshale mita 85. Risasi humfikia mnyama kabla hajasikia chochote, lakini mshale hutanguliwa na sauti yake kila mara. Fanya hesabu. Mnyama akiwa mita 20, sauti inamfikia na mshale unafuata baada ya chini ya sehemu mbili za kumi za sekunde. Hata akishtuka, hana nafasi. Akiwa mita 60, kati ya sauti na mshale kuna nusu sekunde nzima. Kulungu akishtuka hajirushi mbele kwanza. Hujikunyata chini ili apate nguvu za kuruka, kama golikipa anavyopinda magoti. Sehemu tatu za kumi za sekunde zinatosha kitu kilichoachiliwa kuanguka zaidi ya sentimita 40. Sahani yako ya chai imeshuka yote, na mshale unapita juu ya mgongo au, vibaya zaidi, unampata mahali pasipo pake.

Ndiyo maana nasema mpigaji anaweza kupiga kwa ukamilifu na bado akosee. Hakutetemeka, hakukisia vibaya, upepo ulikuwa shwari. Mnyama tu hakusubiri. Na hakuna mazoezi ya uwanjani yanayoondoa nusu sekunde hiyo, kwa sababu haimo mkononi mwake.

Jeraha la mshale nalo halifanani na la risasi. Risasi hubomoa kwa kishindo. Mshale hukata, na mnyama hufa kwa kutokwa na damu. Ukipita kwenye mapafu yote mawili, hafiki mbali. Ukipita tumboni, anaweza kuteseka saa nyingi porini, na mwindaji hushauriwa asubiri kwa saa kadhaa kabla ya kumfuata, maana akimkurupusha atampoteza kabisa. Sentimita 20 ndizo zinazotenganisha mambo hayo mawili.

Sasa tumrudie fundi wa majahazi na babu zake. Huyu nilimwacha mwisho kwa sababu alikuwa na ukweli zaidi ya wote, ila aliushika upande usio wake. Waata, ambao majirani huwaita Wasanye au Waliangulu, waliishi bara ya pwani yetu kuelekea Tsavo, na walikuwa wawindaji wa tembo kweli. Pinde zao zilikuwa miongoni mwa nzito kabisa zilizowahi kupimwa Afrika, nyingine zikizidi kilo 45 za mvuto, na bila kapi wala gurudumu. Mtu asiyezizoea hazisogezi. Kwa hiyo watu husema: upinde mzito, basi walipiga mbali.

Sivyo. Uzito ule ulikuwa wa kupenya ngozi ya tembo, na umbali waliushughulikia kwa miguu. Walinyata. Walijua upepo unatoka wapi, wakamkaribia mnyama ambaye akigeuka anaweza kuwakanyaga, na wakapiga wakiwa karibu mno. Kilichoua kilikuwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa Acokanthera na kupakwa kwenye chuma, sumu inayoushambulia moyo. Mshale ulikuwa mjumbe tu. Hata mwindaji mwenye upinde wenye nguvu kuliko pinde zote za pwani alichagua kusogea, akijua tembo ana masikio makubwa kuliko ya kulungu.

Serikali ya kikoloni iliwaita majangili. Baada ya Tsavo kufanywa hifadhi mwaka 1948, na msako mkali wa miaka ya 1950, wengi wao waliishia jela kwa kazi waliyorithi. Hilo lina makala yake, na halihitaji kubanwa hapa pembeni.

Kwa anayependa mchezo wenyewe wa shabaha, pasipo mnyama yeyote, mpangilio wa kujifunza unafuata mantiki ile ile. Usianze mbali. Wengi huanza mita tatu nne mbele ya gunia tupu lisilo na alama, wengine hata wakifumba macho, ili mwili ujifunze peke yake: mkono wa kuvuta ugote pale pale kila mara, tuseme pembe ya mdomo, na mgongo ndio uvute, si bega. Ukisogea nyuma, sogea mita tano tano. Mishale ikianza kutawanyika usiseme "hapa ndipo mwisho wangu". Rudi mbele ukatafute kosa. Na usipige mishale 100 ukiwa umechoka. Mwili uliochoka hujifunza uchovu.

Wanaowinda wana kipimo kikali zaidi, nacho nakipenda kwa uaminifu wake. Hawahesabu mishale mizuri. Wanahesabu mshale wa kwanza wa siku, mkono ukiwa baridi, kwa sababu porini huo ndio peke yake utakaoupata. Unaweka sahani ya karatasi, unapiga mmoja, unakwenda zako. Kesho tena. Umbali ambao mshale wa kwanza hauikosi sahani, siku baada ya siku, ndio umbali wako. Halafu unaupunguza, kwa ajili ya masikio.

Na upepo. Mshale unaokaa hewani muda mrefu husukumwa muda mrefu, na msukumo huo hukua upesi kuliko umbali wenyewe. Kwetu Mombasa, kusi ikiwa imekaza, Julai hivi, uwanja ulio wazi mbele ya bahari ni mwalimu mkali mno. Asubuhi ile hotelini nililaumu upinde, nikalaumu manyoya ya mshale, kisha yule kijana akaokota mchanga kidogo, akauachia kutoka vidoleni, nao ukaenda kushoto.

Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema kwamba kuna upepo.

"Ungeniambia ndio huo uliokukosesha," akasema, "na mkono wako ungebaki vile vile." Akaenda kuifukua mishale mchangani. Ilikuwa mitano nilipoanza kupiga, minne alipomaliza kuhesabu.